Shabani Hana Malale

Mwanangu Zainabu,

Naandika hapa barazani, juu ya meza ya cherehani, na wewe uko uani unafunga mizigo na shangazi yako. Namsikia anavyokuelekeza: kunja hiki, funga kile, mama mkwe asipelekewe kanga iliyofuliwa. Hayo namwachia yeye, anayapenda. Kesho lori likipita hapa Nyakahura utapanda na mumeo na mtoto mwende Ngara, na mimi sitapata tena nafasi ya kukaa nawe peke yako. Hata leo sijaipata. Nimeitafuta tangu asubuhi, na kila nikikukuta peke yako nakuuliza habari za kamba za mizigo. Kamba zenyewe nilizinunua mimi na najua zinatosha. Basi naandika, tena kwa herufi za Kiarabu ulizosoma chuoni, ambazo mumeo hazijui, ili uisome barua hii mwenyewe bila kusomewa.

Jambo lenyewe ni mwanao Shabani. Juzi tukiwa tunakula, mumeo alipotoka kunawa mikono, uliniuliza kwa sauti ya chini kama mtoto wako hafanani na kaka yako Rajabu alipokuwa mdogo. Nikakujibu kwamba ataongea tu, wavulana huchelewa. Ukaniangalia kidogo, kisha ukaendelea kula. Zainabu, nilikudanganya. Ninayoyaona kwa mjukuu wangu ndiyo niliyoyaona kwa Rajabu, na jibu nililokupa ndilo nililompa mama yako, Mungu amrehemu, miaka ile. Sikubadilisha hata neno. Mvi zimenijaa kichwani na mdomo wangu bado unakimbilia palepale.

Ningekuacha uendelee kudhani hivyo kama si huyu Hassani. Simlaumu mumeo. Ameondoka kwenda vitani wewe una mimba, amerudi amekonda, amemkuta mwanawe anatembea. Ulimwona siku ile alivyopiga magoti pale mlangoni na kufungua mikono. Mtoto akapita kando yake kama anapita nguzo, akaenda kuchuchumaa mbele ya baiskeli ya mteja na kutazama gurudumu. Hassani alibaki amefungua mikono vile vile. Nilitamani ardhi inimeze. Jioni yake akaanza kusema mtoto ana malale, huu ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o, na kwamba kesho pale kizuizini, wanapowapima wote wanaotoka huku kwenye mbung'o, atamwomba dresa, yule msaidizi wa daktari, ampime vizuri, na wakifika Ngara ataanzishiwa sindano. Huko jeshini ameona sindano zikiwainua watu waliokuwa wamekata tamaa, hivyo anaziamini. Tena anayo sababu nyingine: amekwisha kuambiwa kwamba katika nyumba hii mjomba wa mtoto alipata malale, yakamchukua macho. Aliyemwambia ni mimi.

Wewe unajua mwisho wa habari ya Rajabu kwa sababu unaishi nao. Mwanzo wake huujui, ulikuwa bado hujazaliwa, na baadaye hakuna aliyetaka kuuzungumza.

Mama yako ndiye aliyeona kwanza. Rajabu alikuwa bado ananyonya, hajaanza kukaa. Akawa ananiambia kwamba akimnyonyesha, mtoto hamtazami usoni. Anatazama mwanga unaopenya kwenye nyasi za paa. Siku moja akaniita niache kushona nije nione. Akauinamia uso wa mtoto, akamchekea, akamwita majina yote ya kubembeleza anayoyajua, na mtoto macho yake yakawa yanapita pembeni ya kichwa chake. Akaniuliza, "Huyu mtoto ananiona kweli?" Nikacheka. Nikamwambia anataka mtoto mchanga ampigie saluti. Alicheka na yeye, lakini hakuacha kumtazama.

Alipofika umri wa kutambaa, watoto wa wenzetu walikuwa wakinyosha mikono wabebwe. Rajabu hakunyosha. Ukimbeba alikaa mzito na mkavu mikononi, ukimweka chini hakulia. Watu walimsifia. Mtoto gani huyu, hasumbui, unamweka hapa unamkuta hapa. Mimi nilivimba kichwa kwa sifa hizo. Nilimweka karibu na cherehani, naye alilaza shavu juu ya meza akitazama gurudumu kwa pembe ya jicho tangu nianze nguo hadi niimalize. Nilikuwa nawaambia wateja kwamba fundi wangu huyu hapa, amekwisha kuanza kazi. Nilijua kuchekesha wateja.

Nikimwita hageuki. Tukasema hasikii. Lakini nikigusa gurudumu la cherehani, hata akiwa nyuma ya nyumba, anakuja mbio kwa ncha za vidole vya miguu, visigino haviji chini. Sasa kiziwi gani huyo? Mama yako aliliona hilo, akaniambia. Nikasema mtoto ana kiburi, nikaanza kumwita kwa ukali. Akitaka maji hakuonyesha kwa kidole na hakunitazama. Alinishika kifundo cha mkono, akauvuta mkono wangu mpaka kwenye mtungi na kuuacha pale, kama vile mkono hauna mwenyewe. Nilipigwa na hilo moyoni, nakuambia kweli. Nililiona, nikalijua si la kawaida, nikanyamaza.

Juzi mchana Shabani alifanya hivyo hivyo na mkono wangu. Aliupeleka kwenye komeo la mlango.

Sitaki umhofie mtoto kwa kila jambo. Kuna mtoto wa yule jirani yetu Msubi muuza chumvi, alikawia kusema hata wakamkatia tamaa. Lakini yule alikuwa akikuvuta nguo akuonyeshe kuku, anakutazama wewe, anamtazama kuku, anakutazama tena kuhakikisha umemwona. Alikuwa anataka muone pamoja. Yule hakunipa wasiwasi, na leo anapiga domo kuliko baba yake. Rajabu hakuwahi kunionyesha kitu. Shabani nimemchunguza tangu mwezi wa Ramadhani, nikimvizia kama mwizi. Hajanionyesha kitu.

Rajabu alipoanza kusema alianza kwa maneno yangu. Alikuwa anakaribia miaka minne, hajapata kusema "mama", asubuhi moja akafungua mdomo akatoa yote kwa mara moja: karibu bwana, karibu bibi, jora jipya limefika, gusa mwenyewe. Kwa sauti yangu, hadi kikohozi changu cha kati. Wateja walioketi barazani wakanyanyuka. Ukimwambia sema shikamoo, anasema "sema shikamoo", na uso wake hauna utani. Hapo ndipo maneno ya mtaani yalipoanza. Wengine wakasema ni wachwezi, mizimu ya huku, wamepanda kichwani kwa mtoto na wanataka ngoma. Wenzetu wa msikitini wakasema ni jini. Nilimpeleka kwa wote, Zainabu. Alifukizwa, alichanjwa, alifungwa hirizi ambazo alizikatakata kwa meno. Alikuwa hawezi kuvumilia kuguswa kichwani na watu asiowazoea, na sisi tulikuwa tunamshika watu wazima kadhaa, kila mmoja na mkono au mguu wake. Ndipo alipojifunza kujigonga kichwa ukutani.

Halafu likaja lile la malale. Ilikuwa miaka ile watu walipokuwa wakihamishwa kutoka porini kwa ajili ya mbung'o na kukusanywa pamoja kambini, pori linafyekwa, kila mtu anapangwa mstari ashikwe shingo kutafutwa tezi. Rajabu alikuwa na vidonda kichwani kwa kujigonga, na mwenye vidonda vya kichwa shingo huvimba tezi. Hilo nalijua leo. Usiku halali, anazunguka ndani akitoa maneno ya dukani. Mchana anachoka anajikunja chini ya meza. Anatembea kwa vidole kama anayeyumba. Hawatambui watu. Nenda kamuulize mtu yeyote wa huku, mwambie dalili hizo, atakujibu kabla hujamaliza.

Dresa wa kambi alimshika shingo, akaniuliza, "Mchana anarara sana?" Nikasema ndiyo. "Akiitwa anasikia?" Nikasema hapana. Akachukua damu, akatazama, hakuona wadudu. Akaniambia hakuona, ila mara nyingine wadudu hujificha, basi anataka kujua jambo moja. "Tangu rini yuko hivi?"

Mama yako alikuwa nyuma yangu, wewe uko mgongoni mwake. Nilijua jibu. Nikasema, "Tangu masika."

Nilisema hivyo kwa sababu malale yana dawa. Kama ameanza juzi, basi kabla ya juzi nilikuwa na mtoto mzima, na mtoto huyo anaweza kurudishwa. Mwanangu, nilifurahi. Watu walikuwa wanalia mstarini wakiambiwa jamaa zao wana malale, na mimi nilirudi nyumbani natembea kwa haraka, nikanunua nyama. Nilimwambia mama yako sasa tumepata. Nyama hakula.

Sindano ilikuwa ya mshipani, kila wiki. Miguu yake nilishika mimi. Baada ya muda alianza kujigonga kwenye mlango ambao alikuwa akiupita akikimbia, nikasema dawa inamlegeza. Akawa akilaza shavu pale kwenye meza lakini ananyosha mkono kutafuta gurudumu, anaukosa, anaupitisha nyuma yake. Bado nikasema tumalizie dozi. Mzungu, yule daktari tuliyemwita Bwana Mganga aliyekuwa akizunguka kukagua kambi, alipofika alimtazama ndani ya macho, akauliza kama wadudu walionekana kwenye damu. Dresa akasema hapana. Bwana Mganga akasema sindano ziachwe, na alivyonitazama sikupenda. Lakini dawa ilikuwa imekwisha kumchukua macho.

Jioni hiyo mama yako aliniambia sentensi moja, na hatukuzungumza tena habari hiyo hadi kichomi kilipomchukua. Alisema, "Ulitaka jina. Umelipata."

Kitu kimoja alichokipenda Rajabu duniani kilikuwa kutazama, na mimi ndicho nilichomnyang'anya. Asingekuwa karani, asingeoa, hayo nayajua. Lakini angekaa hapa na gurudumu lake akiwa na furaha ambayo sisi hatuijui, na isingemgharimu mtu kitu. Ukimwona anavyogeuza uso upande wa cherehani ninaposhona, halafu anaanza kujipiga, ujue mimi pia namwona. Huwa naacha kushona, natoka nje, nasingizia nafuata maji.

Sasa nakwambia nilichojifunza, ingawa wewe ulikijua kabla yangu. Ulikuwa msichana mdogo wa kufuata watu nyuma, hakuna aliyekufundisha, nikakuta Rajabu anakunywa maji mkononi mwako bila kelele. Nilikuvizia nione unafanyaje. Ulikuwa unagonga kikombe sakafuni kwanza, polepole, ajue unakuja. Kisha unamwekea mkononi, husemi kitu, unakaa pembeni yake mkielekea upande mmoja. Mimi nilikuwa namkabili uso kwa uso na kumpigia kelele, nadhani maneno hayafiki kwa kuwa ni madogo. Kuanzia hapo nikaanza kukuiga. Nikajua chakula chake kikae bakuli lilelile. Nikajua nywele anyolewe ameegemea ukuta, na wembe agusishwe kwanza mkononi. Nikajua safari au mgeni atajwe mapema na kurudiwa, na kwamba akijipiga ni kwa sababu kuna kitu kinamuumiza au kimemzidi, na kazi yangu ni kukitafuta kitu hicho, si kumfunga mikono. Baba mzima nilifundishwa na mtoto ambaye meno ya mbele yameng'oka hayajaota tena. Ukiwa huko Ngara, kwa wakwe zako Mabawe, ukashikwa na hofu ya kwamba hujui kumlea Shabani, kumbuka hilo kabla hujaniuliza mimi.

Na usikae ukitafuta umekosa nini. Mama yako alijiuliza kama alikula kitu, kama alipita mahali pabaya. Mimi nilimwacha ajiulize, kwa kuwa akijiuliza yeye, mimi nilipumzika. Shabani amezaliwa hivi. Sijui kwa nini. Sijakutana na mtu anayejua, na waliojidai kujua wote walichukua mbuzi wangu.

Linalobaki ni gumu zaidi. Walipokuja kukuposa, yule baba mkubwa wa Hassani alifanya kama watu wanavyofanya, akauliza kwa adabu habari za magonjwa ya ukoo: kifafa, ukoma, wazimu. Akamwona Rajabu pale pembeni akijitikisa. Nikamwambia malale yalimpata, yakamchukua macho na akili. Akasikitika, akasema malale hayakuacha nyumba. Jambo likaishia hapo, ukaolewa. Wakati ule niliona nimekuokoa. Leo naona nilichokifanya: nilimpa Hassani jina lile lile nililojipa mwenyewe. Mtu yeyote mwenye akili akiambiwa mjomba alikuwa na malale, akamwona mtoto anafanya kama mjomba, atakwenda kutafuta sindano. Ningemlaumu asipokwenda.

Kwa hiyo leo baada ya sala ya adhuhuri nilimwita mumeo nyuma ya duka, nikamwambia yote. Nimemweleza habari ya mama yako na mwanga wa paa, habari ya masika niliyoitunga, habari ya sindano. Alisikiliza amesimama, mikono nyuma, kama alivyofundishwa huko jeshini. Nilipomaliza alisema, "Kwa hiyo mlinificha." Nikasema, "Wewe hukufichwa na Zainabu. Yeye hakuwa na habari. Nilikuficha mimi." Akaniuliza kama watoto wengine watakaofuata nao watakuwa hivi. Nikamwambia sijui, kwamba wewe umetoka tumbo moja na Rajabu, na ulisema mapema hata tukakuomba unyamaze. Hakucheka. Akauliza kama kuna dawa. Nikasema hakuna ninayoijua, na kwamba nimelipa macho ya mwanangu kujua hivyo. Akavaa kofia yake akaondoka kuelekea sokoni, na mpaka sasa ninapoandika hajarudi. Mizigo yenu iko tayari na sijui kama kesho mtapanda watu wawili na mtoto, au atapanda mwenyewe.

Mkipanda, pale kizuizini usijifiche nyuma ya mumeo. Mwache dresa apime damu; huku ni kwenye mbung'o, na mtoto huyu anaweza kupata malale kama mtoto mwingine yeyote. Wadudu wakionekana, atibiwe, usikatae kwa sababu yangu. Wasipoonekana, usikubali sindano ya kubahatisha, hata Hassani akikasirika, hata dresa akuone mshamba. Atakuuliza tangu lini. Mjibu ukweli, ulioujua hata kabla ya kuniuliza mimi: tangu ananyonya. Sema kwa sauti, mumeo asikie.

Kwa mama mkwe wako utapata taabu. Nasikia ni mtu mwema, na watu wema ndio waliomshika Rajabu mikono afukizwe. Atamwita Shabani hatageuka, atatandika mkeka amsubiri acheze na binamu zake, yeye ataenda kukaa na jiwe la kusagia. Mwambie mapema, kabla hajatafuta jibu kwingine. Akitaka kumpenda, mwonyeshe kile kikombe.

Na kama Hassani akishindwa, kesho au mwaka kesho, akasema kwamba familia yake haikukubaliana na hili, usibaki pale kuomba msamaha kwa kosa ambalo ni langu. Rudi. Nitamkabili baba yake mkubwa mwenyewe na kuyasikia atakayoyasema, nimeyastahili. Lakini usirudi peke yako, Zainabu. Watakuambia mtoto ni wa kwao, kwamba ndivyo desturi ilivyo na ndivyo sheria ilivyo, na watakuwa wanasema kweli, wana haki. Kataa hata hivyo. Mimi nilikuwa na haki zote juu ya Rajabu, na unaona nilivyozitumia.

Ni mimi, baba yako, nikikutakia njia iliyo salama.